Safari ya Ziwa Edouard

1. Njia

Watoto, fungueni ramani ya Kongo. Wekeni kidole juu ya mpaka wa mashariki. Mtaona maziwa yamepangwa kama shanga katika uzi: Tanganyika, Kivu, Edouard, Albert. Ukihesabu kutoka kusini, Ziwa Edouard ni la tatu. Ndilo ziwa la somo hili.

Msafiri anayetoka Goma hufuata barabara ya kaskazini. Motokari hupita upande wa mashariki wa milima ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira, ambako mawe ni meusi kama makaa. Halafu hufika Rutshuru, penye migomba na mashamba ya maharagwe. Baada ya hapo mashamba huisha. Huanza nchi ya majani, pana na tambarare, yenye miti michache: ndiyo mbuga ya Rwindi. Mbele yake barabara hupanda mlima mkali wa Kabasha, kwenda Kanyabayonga. Msafiri akisimama juu ya Kabasha na kutazama nyuma, huona mbuga yote chini ya miguu yake, na mwisho wa mbuga huona maji yanayong'aa.

Tangu miaka ya 1990 vita vimefunga barabara hiyo mara nyingi, na watu wengi wamepoteza maisha yao njiani. Kwa hiyo, anayetaka kwenda huko lazima kwanza aulize habari za usalama. Kwa kitabu, lakini, mtoto yeyote anaweza kusafiri bila hofu. Basi, twende.

2. Ziwa lenyewe

Ziwa Edouard lina urefu wa kilomita 77 hivi, na upana wa kilomita 40. Lipo juu ya bahari kwa meta zaidi ya 900. Upande wa mangharibi milima ya Mitumba inasimama kama ukuta, na huko ndiko maji yana kina kirefu, zaidi ya meta 110. Upande wa mashariki nchi ni tambarare, na maji hayana kina kirefu. Karibu sehemu saba katika kumi za ziwa ni za Kongo; sehemu zilizobaki ni za Uganda.

Mito inayoingia ni mingi: Rutshuru, Rwindi, Ishasha na mingine. Mto unaotoka ni mmoja tu, Semliki. Semliki hutoka kaskazini, mahali panapoitwa Ishango, hupita chini ya milima ya Rwenzori yenye theluji, na huingia Ziwa Albert. Kutoka huko maji yake huenda katika mto Nile mpaka Misri. Tone la mvua linaloanguka Rutshuru laweza kufika katika bahari ya Mediterania!

Lakini katika Semliki maji huporomoka juu ya mawe kwa nguvu nyingi. Kwa ajili ya maporomoko hayo sangara, yule samaki mkubwa ambaye wengine humwita kapiteni, anakaa katika Ziwa Albert na hawezi kupanda mpaka Ziwa Edouard.

Jina la Edouard si jina la wakaaji. Stanley, Mwingereza, alilipa ziwa hilo jina la mtoto wa malkia wake, mwaka 1889. Mwaka 1973 marais wa Zaire na Uganda walilibadilisha, likaitwa Ziwa Idi Amin. Mwaka 1979 Amin alifukuzwa, na jina la zamani likarudi. Majina yamebadilika, maji ni yaleyale.

3. Vijiji vitatu

Nchi yote inayozunguka ziwa upande wa Kongo ni karibu yote parki, maana yake nchi iliyowekwa kwa ajili ya wanyama. Parki hiyo ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la Parki Albert, jina la mfalme wa Ubelgiji. Ndiyo parki ya taifa ya kwanza katika Afrika. Tangu mwaka 1969 inaitwa Virunga. Parki ilipopanuliwa, wakaaji wengi walihamishwa kutoka nchi ya babu zao, na wajukuu wao hawajasahau.

Ndani ya parki viliruhusiwa vijiji vitatu vya wavuvi kwenye ziwa. Vitshumbi ni upande wa kusini. Nyakakoma ni upande wa kusini-mashariki, karibu na mto Ishasha. Kiavinyonge ni upande wa kaskazini-mangharibi. Wavuvi wengi ni Wanande; wengine ni watu wa Rutshuru na wa mahali pengine. Kwa kuwa wametoka makabila mbalimbali, wengi husemezana kwa Kiswahili.

Katika vijiji hivyo kuna sheria moja ambayo mgeni huistaajabia. Watu wa ziwa hawana ruhusa ya kulima wala ya kufuga ng'ombe, kwa sababu wapo ndani ya nchi ya wanyama. Mihogo, maharagwe na ndizi lazima vitoke milimani. Mvuvi hununua vyote kwa samaki wake. Karo ya shule, dawa ya mgonjwa, nguo ya sikukuu: vyote vinatoka katika wavu. Kumbukeni neno hili, maana ndilo msingi wa somo lote.

Jioni wanaume husukuma mitumbwi majini. Wanakwenda mbali, wanatega nyavu, na kulala juu ya maji. Asubuhi, jua likichomoza, mitumbwi inarudi. Wanawake wanangoja ufukoni na mabeseni yao. Hapo kuna kelele nyingi! Mmoja anahesabu, mwingine anapatana bei, mwingine anasafisha samaki. Wengine hupasua samaki na kuwatia chumvi, wawe makayabo. Wengine huwakausha kwa moshi. Halafu motokari hupeleka mzigo Butembo na Goma.

Samaki walio na sifa kubwa ni tilapia. Wapo pia kambale mwenye ndevu, na kamongo, ambaye ana mapafu na hupumua hewa kama sisi.

Katikati ya watu hutembea ndege wakubwa wenye kichwa cha upara na mfuko shingoni: ndio marabu. Hutembea polepole, kama wazee wanaokwenda kwenye baraza, na hula matumbo ya samaki yaliyotupwa. Hakuna anayewafukuza, maana wanafagia kijiji bila mshahara. Majini kuna mwari wengi na minandi wengi. Na usiku, watu wakiisha kulala, viboko hutoka majini na kupita kati ya nyumba wakitafuta majani. Mama huwaambia watoto: "Msitoke nje gizani, wenye nchi wanapita." Na ni kweli, maana kiboko mmoja ana uzito wa kilo 1,500 au zaidi, na akikuta mtu kati yake na maji, humwua.

4. Mnyama anayelisha samaki

Mgeni huuliza: "Kwa nini wavuvi wawavumilie wanyama wabaya kama hao? Wanapasua nyavu. Wanapindua mitumbwi. Je, si afadhali wasiwepo?"

Sikilizeni jibu.

Mchana kiboko hukaa majini, kwa kuwa ngozi yake haiwezi kuvumilia jua kali. Usiku hupanda nchi kavu na kula majani, karibu kilo 40 kwa usiku mmoja. Asubuhi hurudi ziwani, na humo hutupa mavi yake. Watu hucheka wakisikia hayo. Lakini mkulima hacheki, maana anajua kazi ya mbolea. Majani ya nchi kavu yamekuwa mbolea ya maji. Kwa mbolea hiyo huota mimea midogo sana, ambayo jicho haliwezi kuiona mmoja mmoja. Twaona tu kwamba maji yamegeuka kuwa kijani. Mimea hiyo ndiyo chakula cha tilapia. Na tilapia ni chakula cha mwari, na cha kambale, na cha watoto wa Vitshumbi.

Basi kiboko ni mchukuzi. Kila usiku anachukua mzigo wa majani kutoka mbugani na kuutia ziwani. Hakuna motokari inayoweza kufanya kazi hiyo.

Tena, mahali alipokula kiboko majani huwa mafupi kama yamekatwa. Swala na ngiri hupenda majani mafupi, maana ni laini, na simba hawezi kujificha ndani yake. Hivyo mnyama mmoja huwasaidia wengi, bila kujua.

5. Hesabu ya viboko

Katika miaka ya 1970 viboko wa parki walihesabiwa. Walikuwa karibu 29,000. Hakuna mahali pengine duniani palipojulikana kuwa na viboko wengi namna hiyo. Mwaka 1979 UNESCO iliandika parki ya Virunga katika orodha ya urithi wa dunia nzima.

Kisha vita vikaja. Askari wenye njaa, waasi na majangili waliwapiga viboko kwa bunduki. Nyama iliuzwa sokoni. Meno yaliuzwa mbali, kwa sababu yanafanana na pembe za ndovu. Mwaka 1994 UNESCO iliiweka parki katika orodha ya mahali palipo hatarini. Mwaka 2005 viboko walihesabiwa tena. Hawakufika 1,000.

Fikirini: katika kila viboko 29, hakubaki hata mmoja mzima! Wachukuzi wa majani walikuwa wamekwisha. Na wavuvi walianza kulalamika kwamba nyavu zinarudi nyepesi.

Je, samaki walipungua kwa sababu ya viboko tu? Hapana. Sababu si moja. Vita viliwafukuza watu milimani, wakakimbilia ziwani kutafuta chakula. Vijiji vingine vikazaliwa bila ruhusa, mitumbwi ikazidi, na watu wakaanza kutumia nyavu za matundu madogo. Mbolea ilipungua, na wavuvi waliongezeka. Ziwa lilipigwa kwa fimbo mbili.

Walinzi wa parki wamejaribu kuzuia uharibifu huo, na wengi wamelipa kwa damu. Tangu parki ianzishwe, zaidi ya walinzi 200 wameuawa katika kazi yao. Wameacha wajane na yatima. Mtoto akimwona mlinzi, asiseme tu: "Huyu ndiye anayemkamata baba akivua pasipo ruhusa." Akumbuke pia kwamba mtu huyu anakesha ili ziwa lisife.

6. Mfano wa wavu

Kwa nini wavu wa matundu madogo ni mbaya? Tilapia jike hulea watoto wake kwa namna ya ajabu. Akiisha kutaga mayai, huyaweka kinywani mwake. Humo mayai hupasuka. Watoto wakitoka kuogelea na kuona hatari, hukimbia kurudi kinywani mwa mama. Wakati huo mama na watoto hukaa karibu na ufuko, penye matete na maji machache. Wavu mdogo ukivutwa hapo, hukamata mama, watoto, na kila kitu.

Sasa tuwasikilize wavuvi wawili wa mfano, mzee na kijana wa ndugu yake. Kijana amenunua wavu wenye matundu madogo.

Mzee akamwambia: "Mtoto wangu, wavu huo unavua samaki wa mwaka ujao."

Kijana akajibu: "Baba mkubwa, ninakuheshimu. Lakini watoto wangu wana njaa leo. Samaki wa mwaka ujao hajazi chungu cha jioni hii. Tena, nikimwacha samaki mdogo, jirani atamchukua. Nitakuwa nimelala njaa bure."

Mzee akanyamaza kidogo, kwa maana maneno ya kijana hayakuwa ya upumbavu. Kisha akasema: "Leta samaki wako tuhesabu." Wakawahesabu. Walikuwa 20, kila mmoja gramu 100. Jumla kilo 2.

Mzee akasema: "Ungewaacha wakue mpaka gramu 500 kila mmoja. Tuseme mwari na kambale wangekula nusu. Wangebaki 10. Kilo ngapi?"

Kijana akahesabu: "Kilo 5."

"Basi ziwa lilitaka kukupa kilo 5, nawe umechukua 2. Nani amekuibia 3?"

Kijana akainamisha kichwa. Lakini akauliza tena: "Na jirani, baba mkubwa?"

"Hilo ndilo neno kubwa," akajibu mzee. "Mvuvi mmoja hawezi kulinda ziwa peke yake. Mimi nikiacha nawe ukavua, nimekuwa mjinga. Wewe ukiacha na Nyakakoma wakavua, umekuwa mjinga. Ndiyo sababu wavuvi hufanya chama. Chama huhesabu mitumbwi, hupima nyavu, hukataza mahali pa kuzaa samaki. Sheria ikiwa ya wote, kuacha si hasara tena. Kesho twende wote wawili mbele ya chama. Utasema njaa yako bila haya, nao watafute namna ya kukusaidia kupata wavu mwingine. Chama kinachokamata tu na hakisaidii, hakitadumu."

Maneno ya mzee ni ya mfano, lakini shida yenyewe ni ya kweli, na inarudi kila asubuhi ufukoni. Ni ngumu zaidi kwa kuwa ziwa lina nchi mbili. Mpaka wa Kongo na Uganda hauonekani juu ya maji. Mara nyingi wavuvi wameuvuka na kukamatwa. Samaki, lakini, hawana mpaka. Anayezaliwa kwenye matete ya Kongo huweza kuvuliwa Uganda. Chama cha upande mmoja hakitoshi; lazima pande zote mbili zipatane.

7. Mfupa wa Ishango

Kabla ya kuliacha ziwa, msafiri afike Ishango, mahali Semliki inapotoka. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja mwenye elimu, Jean de Heinzelin, alichimba ardhi pale. Alikuta mabaki ya watu wa kale sana: mifupa ya samaki, na ncha za mikuki ya kuvulia, zilizochongwa kwa mifupa, zenye meno ya kumshika samaki asiponyoke. Kumbe, watu wa Ishango walikuwa wavuvi kama watu wa Kiavinyonge leo!

Tena alikuta mfupa mdogo, urefu wake karibu sentimeta 10. Juu yake kuna alama nyingi zilizokatwa kwa makundi, katika mistari mitatu. Mfupa huo una miaka 20,000 hivi. Sasa umewekwa katika nyumba ya makumbusho mjini Brussels.

Mstari mmoja una makundi ya alama 11, 13, 17 na 19. Mstari wa pili una 11, 21, 19 na 9. Jumlisheni: kila mstari una 60. Wenye elimu wamebishana sana juu ya maana yake. Wengine husema mtu huyo alihesabu siku za mwezi. Wengine husema alikuwa akifanya hesabu kama za shuleni. Lakini wengi hukubali kwamba alama hizo ni za mtu aliyekuwa akihesabu kitu. Kabla ya vitabu, kabla ya miji ya Misri, mtu wa ziwa hili aliketi ufukoni akakata alama ili asisahau hesabu.

Watoto wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kiavinyonge, na ninyi mnaosoma mbali na ziwa, huyo ni mzee wenu. Alikuwa mvuvi, tena alijua kuhesabu. Mambo hayo mawili hayaachani. Anayevua bila kuhesabu, siku moja atafika ufukoni na wavu mtupu. Viboko wameanza kuongezeka tena, polepole, mahali wanapolindwa. Hesabu haijaisha, inangoja watu wa kuiendeleza.

Maneno ya kujifunza

Parki: nchi iliyowekwa kwa sheria ili wanyama na miti yake isiharibiwe.
Jangili: mtu anayeua wanyama kwa siri, kinyume cha sheria.
Makayabo: samaki aliyepasuliwa na kutiwa chumvi.
Chama: umoja wa watu wa kazi moja, wenye sheria na mkuu.
Maporomoko: mahali ambapo maji ya mto huanguka kwa nguvu.

Maswali

1. Onyesheni katika ramani vile vijiji vitatu vya wavuvi. Kila kijiji kiko upande gani wa ziwa?
2. Kwa nini mvuvi wa Vitshumbi hawezi kuacha kuvua na kulima shamba?
3. Elezeni kwa mpango safari ya jani: kutoka mbugani mpaka chungu cha mama.
4. Kwa nini sangara haonekani katika Ziwa Edouard?
5. Kijana alisema: "Nikimwacha samaki mdogo, jirani atamchukua." Je, alisema kweli? Mzee alimjibu nini?
6. Ulizeni wazee wa kwenu: ni mnyama gani, samaki gani au mti gani ulikuwa mwingi zamani, na leo ni mchache? Andikeni sababu wanazozitaja.

Hesabu

1. Kiboko mmoja hula kilo 40 za majani kwa usiku. Viboko 10 hula kilo ngapi kwa siku 30?
2. Parki ilianzishwa mwaka 1925. Iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Ilipita miaka mingapi?
3. Mvuvi amekamata samaki 30 wa gramu 100. Angengoja wakue mpaka gramu 500, na theluthi moja wakaliwa na ndege, angepata kilo ngapi? Amepoteza kilo ngapi?